Idi ya Mikono Arobaini

Babu yangu Lukumani hakuwa mlevi, hakucheza kamari, wala hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Watu wa Kasongo wa siku zake walimtafutia kosa wakachoka. Kosa lake lilikuwa moja tu, na lilimjia mara moja kwa mwaka, kumi la mwisho la Ramadhani likiingia: alianza kuwa tajiri.

Nasema haya kwa hasira kidogo, maana ugonjwa huo umo katika ukoo na mimi mwenyewe nimeurithi. Miezi mingine yote babu alikuwa mshona kofia. Alikaa mbele ya nyumba, miguu ameikunja, sindano mkononi, akitia nakshi kofia nyeupe kwa uzi mweupe hata ukashangaa anaona nini. Kofia moja ilimchukua mwezi. Mteja akimharakisha, ilimchukua mwezi na nusu. Akimaliza alilipwa shuka moja ya merikani, yaani mikono minne ya nguo, na huo ndio uliokuwa mshahara wake.

Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Wazungu kufika kwetu. Fedha hazikuwapo, nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Ukitaka jembe, chumvi au kuku, ulilipa nguo, na nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Chakula cha nyumbani hakikutoka kwenye kofia. Kilitoka kwa bibi yangu Amisa, aliyelima mpunga bondeni tangu mvua ya kwanza hadi ndege walipochoka kufukuzwa.

Sasa Idi. Desturi ya mji ilikuwa kwamba Idi ndogo ukimpa mtu nguo, basi Idi kubwa ikifika naye akujibu, na akujibu kwa nyongeza. Umempa mikono minne, anakupa mitano. Mwaka unaofuata wewe humrudishii mitano, ungechekwa, bali unampa sita. Hakuna aliyejua nani alianzisha jambo hili. Ninavyofikiri mimi, alikuwa mwuza nguo.

Na mwuza nguo wa mtaa wetu aliitwa Bwana Faradji. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye sauti ya upole na tasbihi isiyotoka mkononi. Riba ni haramu, na Bwana Faradji alimcha Mungu, kwa hiyo riba hakutoza hata siku moja. Alikuwa na njia nyingine. Nguo ikitoka dukani kwa mkopo, aliipima yeye mwenyewe kwa kikono chake kifupi. Deni likirudi, lilipimwa na Alimasi, mlinzi wa mlango wake, mtu mrefu ambaye aliinama akiingia kila nyumba ya Kasongo. Mikono minane ya Bwana Faradji ilikuwa saba ya Alimasi. Kila mtu aliliona hilo na hakuna aliyelisema, kwa sababu mkono ni mkono, na nani atamwambia mwenzake kwamba Mungu amemkosea urefu?

Mwaka ule babu aliingia dukani kwa Bwana Faradji siku tano kabla ya Idi, akatoka na mikono arobaini begani. Arobaini! Ni kofia kumi, nami nimekwisha kuwaambia kofia moja ilimchukua muda gani. Masharti yalikuwa mepesi kuyasikiliza. Alipe kabla ya Idi kubwa, na akishindwa, asiwe na wasiwasi, kwa sababu msafara wa Ujiji ungeondoka baada ya sikukuu na angeweza kulilipa deni lote kwa kubeba pembe moja ya ndovu. Babu alijibu kwamba Mungu ni mkubwa. Ndivyo alivyojibu kila alipokuwa hajafikiri.

Siku ya Idi akagawa. Mama mkwe wake kule Wamaza alikatiwa doti nzima, mikono minane, isubiri watu wa kuipeleka. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipata shuka, dada yake Fatuma shuka, majirani watatu shuka moja moja. Atumani mfua chuma, rafiki yake wa tangu utotoni, naye alipata shuka. Ikabaki doti moja. Babu akafikiri sana, akaona kwamba kuna mtu mkubwa mtaani ambaye haiwezekani kumruka siku kama ile. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya sinia, akampelekea Bwana Faradji.

Bwana Faradji aliipokea kwa mikono miwili. Alimshukuru babu mbele ya watu, akamwombea dua ndefu, na nguo ile akaifanya kilemba. Tangu siku ile hakufunga kingine.

Mkewe mwenyewe hakupata kitu. Amisa alivaa kaniki yake ya mwaka juzi, ameifua mpaka imekuwa laini kama jani la maboga lililochemshwa. Babu alimwambia kwamba wao wako nyumbani, nani anawaona? Bibi akanyamaza. Wanaomjua bibi wanajua kwamba akigomba ni afadhali.

Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne, babu akiwa anachomoa uzi kwenye kofia, akamwuliza nguo zile zilitoka wapi, na babu, ambaye uongo haukuwa miongoni mwa vipaji vyake, akamweleza yote.

"Na ile ulimupa Bwana Faradji," bibi akasema, "uliikopa kwa nani?"

"Kwa Bwana Faradji."

"Basi ulimupa nguo yake mwenyewe, na yeye iko anakudai nguo yake."

Babu akachomoa uzi mwingine. Kisha akasema, "Lakini alifurahi sana."

Bibi angeweza kucheka, na baadaye maishani alicheka sana. Siku ile hakuweza. Yeye alizaliwa Kabambare, pale misafara inapopumzika ikitoka Kasongo kwenda ziwani, na utotoni aliwauzia wapagazi viazi vya kuchoma. Aliwajua kwa mabega. Pembe zilibebwa na watumwa, na penye pengo aliwekwa mdaiwa. Mtoto yule mwuza viazi alizoea kuwahesabu wakienda na kuwahesabu wakirudi, kwa mchezo tu, mpaka siku alipoelewa alichokuwa anahesabu, akaacha. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano. Aliyekuwamo tumboni ni baba yangu. Aliposikia maneno "pembe moja", aliketi chini palepale kwenye vumbi, akaogopa, na mpaka uzeeni hakuona haya kusema kwamba aliogopa.

Babu alimfariji kwa kumwambia mambo matatu ya kipumbavu. Kwamba Ujiji si mbali. Kwamba pembe nyingine ni ndogo. Na kwamba, kwa vyovyote, Idi kubwa wote wanane watajibu kwa nyongeza, deni litalipika na nguo itabaki. Kwenye hili la tatu bibi akainua kichwa. Akamwuliza hao wanane watazitoa wapi hizo nyongeza. Babu akakiri kwamba ingekuwa kwa Bwana Faradji, wapi pengine?

Kesho yake bibi akajifunga kaniki yake akaingia kazini. Alianza nyumbani mwake mwenyewe. Doti ya mama yake ilikuwa bado haijasafiri, akairudisha sandukuni, akasema mama yake amezaa binti mwenye akili na hiyo yamtosha kwa mwaka huu. Kisha akaenda kwa mwalimu wa chuo. Hakuomba nguo irudishwe, kwa sababu zawadi hairudishwi, hata mtoto anajua. Alimwambia mwalimu kwamba nyumba ya Lukumani inaomba kujibiwa mapema, bila kungoja sikukuu, tena inaomba kujibiwa kwa nguo ileile, bila nyongeza hata ya kidole. Na tangu siku hiyo kati ya nyumba zao nguo isipite tena. Idi ikija, mtoto alete sahani ya mikate ya mchele, na sahani ikirudi tupu isiwe aibu.

Mwalimu alikuwa mzee wa heshima, mwenye mwendo wa taratibu. Siku ile aliinuka kama kijana. Nguo ilikuwa juu ya rafu, haijakunjuliwa. Tangu Idi haikuguswa, ilikuwa inatazamwa kwa mbali kama mgeni asiyejulikana ataondoka lini. Alikwisha kuanza kufikiria ni mbuzi gani auze ili aijibu. Alimpa bibi nguo na baraka nyingi, na ukweli ni kwamba baraka zile zilitoka moyoni.

Kwa majirani watatu ilikuwa vivyo hivyo. Mmoja alikuwa ameificha chini ya kitanda ili mkewe asiizoee. Fatuma peke yake alikuwa amekwisha kuikata nguo yake, na watoto wake walikuwa wanaikokota matopeni mbele ya macho ya bibi. Fatuma alileta kuku, akaomba msamaha, akakaa akamla pamoja nao.

Alibaki Atumani mfua chuma. Karakana yake ilikuwa mwisho wa mtaa, na yeye alikuwa mtu wa maneno machache, mikono mikubwa, na kichwa kigumu kuliko chuma alichokipiga. Alimsikiliza bibi mpaka mwisho, akiwa ameegemea nyundo, na uso wake ukawa mzito. Kisha akasema kwamba Lukumani ni ndugu yake, kwamba amempa nguo mbele za watu, na kwamba kujibu nguo kwa nguo ileile ni sawa na kumtemea mate aliyekupa. "Shemeji," akasema, "mie siko mutu wa kurudisha vile vile."

Bibi akamwambia kwamba wao ndio wanaoomba. Haikufaa. Baada ya juma moja Atumani alileta jibu lake mwenyewe, begani, mchana kweupe: mikono sita. Minne yao na miwili ya nyongeza. Bibi alijua ile miwili imetoka duka gani. Alipaswa kukataa, na aliponisimulia alisema hivyo mwenyewe, kwamba alipaswa kukataa. Akaipokea.

Muda uliobaki babu alishona kama mtu anayefukuzwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimaliza kofia mbili kwa wakati, nzuri ajabu, na walizinunua watu wa msafara waliokuwa wakijiandaa kwa safari. Mikono minane ikaingia. Bibi akaipanga nguo yote juu ya mkeka, akaipima kwa kamba aliyoikata kwa kipimo cha mkono wa Bwana Faradji, siku moja alipokwenda dukani kwake kutazama kaniki ambayo hakuinunua. Kwa mkono wa Bwana Faradji ilikuwa thelathini na minane. Babu akafurahi, akasema imebaki miwili tu. Bibi akaikunja nguo. Yeye alikuwa amepiga hesabu ya mkono wa Alimasi.

Siku tatu kabla ya Idi kubwa wakaenda kulipa. Ukumbi wa Bwana Faradji ulijaa watu, kwa kuwa ni msimu, wengine wanakopa, wengine wanalipa, na wengi wao wanalipa ili wakope. Alimasi akashika nguo akaanza kuipima, polepole, kiwiko, kidole, kiwiko, kidole, na kila alipopima nguo ilizidi kuwa ndogo. Akaishia thelathini na mitatu na kipande. Babu alikuwa ameshika mkono wa mkewe.

Bwana Faradji alisikitika. Simtanii hapa, nadhani alisikitika kweli, kama mtu anavyomsikitikia kuku siku ya wageni. Alisema kwa upole kwamba pungufu ni mikono saba hivi, si jambo kubwa, na kwamba pembe atakayopewa fundi haitakuwa nzito.

"Bwana, ngoja kidogo," bibi akasema. "Iko nguo moja bado haijajibiwa."

Bwana Faradji akamwuliza ni ipi. Bibi alikuwa ameinamisha macho, kama inavyompasa mwanamke mwenye adabu mbele ya mtu mkubwa, na hakuyainua.

"Ile iko kichwani kwako, bwana. Hatutaki nyongeza."

Vichwa vyote vikageukia kilemba. Mtu mmoja akakohoa, na ilisikika wazi kwamba hakuwa na kikohozi. Bwana Faradji, ambaye kila mwaka aliwahimiza watu wajibu zawadi kwa heshima, ambaye duka lake zima lilisimama juu ya desturi hiyo, alipewa doti na mshona kofia mbele ya mtaa, na alikuwa bado hajamjibu. Kukataa asingeweza. Kungoja sikukuu angeweza, lakini hilo alilikumbuka baadaye, akiwa amelala. Alicheka kicheko kirefu, kirefu cha kutosha kufikiria njia nyingine, na alipoikosa akainua mikono akaanza kukifungua kilemba. Kilizunguka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na watu wa Kasongo wakakiona kipara chake kwa mara ya kwanza, kimechongoka juu, kinang'aa. Alimasi akaipokea nguo ikiwa bado na joto. Mikono saba kamili. Pamoja na ile thelathini na mitatu, deni lilitimia, kikabaki kitambaa cha upana wa kiganja, ambacho bibi alikifunga pindoni mwa kaniki yake bila kumwuliza mtu.

Tangu siku ile Bwana Faradji alimwamkia bibi yeye kwanza kila walipokutana njiani. Idi kubwa ile babu hakumpa mtu kitu. Alikula mikate ya mchele nyumba tano, na alisema haijapata kuwa Idi tamu kama ile, ingawa tumbo lilimsumbua hadi jioni.

Ningependa kuishia hapa. Bibi hakuniruhusu kamwe kuishia hapa.

Siku nne baada ya sikukuu msafara ukaondoka, asubuhi, ngoma mbele. Babu alitoka kuutazama, kama mtu anavyotazama shimo aliloruka. Watumwa walipita wamefungwa, nao hawakuwa na Idi wala deni, walikuwa wamechukuliwa tu. Nyuma yao wakaja wapagazi na wadaiwa, na katikati ya wadaiwa alikuwamo Atumani mfua chuma, pembe kwenye bega la kushoto. Hakumjibu Lukumani peke yake. Aliwajibu watu saba, wote kwa nyongeza, na wote kwa nguo ya mkopo. Alipopita hakusimama. Alisema tu, "Baki salama, ndugu yangu," kama mtu anayekwenda shambani.

Babu alikimbia nyumbani. Alimkuta bibi akipepeta mchele, akamwambia: ile mikono miwili. Bibi aliweka ungo chini. Alikuwa ameshaijua hesabu hiyo tangu siku ya kulipa. Bila ile mikono miwili ya Atumani, hata kilemba kisingetosha, na aliyeondoka na msafara asubuhi ile angekuwa mume wake. Wakakaa hivyo mpaka mchana. Walimpenda Atumani, walifurahi kwamba si Lukumani, na waliona aibu kwa furaha hiyo.

Mwezi wa pili baada ya hapo baba yangu alizaliwa. Miezi ikapita, msafara mwingine ukaenda, habari zikawa chache. Babu alishona. Watu walisema ameacha ucheshi, na mke wa Atumani alipokuja kuomba moto asubuhi, babu aliingia ndani.

Atumani alirudi siku ya Idi ndogo iliyofuata. Watoto ndio waliomwona, anapita nyuma ya nyumba, kwenye njia ya kwenda mabonde ya mpunga, kama mtu anayekwepa jua. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Waliposema, babu alisimama, na ule ugonjwa wa ukoo ukamshika palepale. Akaanza kuzunguka nyumba akitafuta cha kumchukulia, akafungua sanduku, akashika kofia ya mteja, akaiweka, akaangalia nje upande wa duka la Bwana Faradji. Bibi alikuwa amembeba mtoto. Alisimama mlangoni mpaka babu akamtazama.

"Enda bila kitu," akamwambia.

Babu akaenda. Alimkuta Atumani amechuchumaa nyuma ya migomba, anangoja watu watoke njiani ili afike kwake bila kuonekana. Walitazamana. Atumani hakuinuka.

"Nitaingia na nini?" akasema. "Leo iko Idi, na mie sina hata kipande cha nguo."

Babu akamfungulia viganja vyake, vyote viwili, kumwonyesha. "Na mie sina. Kuja tukule."

Akamshika bega lile lililo zima, akamwinua. Hawakupita njia ya nyuma. Walikuja katikati ya mtaa, mbele ya watu wote, siku ya Idi, wawili hao, hawajabeba kitu.